Risasi zinaniishia, vishindo vinanifuata

*"Mshauri, habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 38. Enzi za PlayStation ya kwanza nilicheza Resident Evil 2, gemu ya kutisha yenye zombi, maiti zinazotembea, kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu. Sikuwahi kuimaliza, kwa sababu pesa ya saa ilikuwa inaisha na kibanda hakikuwa na kadi ya kumbukumbu. Sasa nimenunua ile iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Nimeanza na Leon, mhusika aliye askari polisi, kiwango cha ugumu cha Standard, nimekwama kituo cha polisi. Risasi zinaniishia kila mara. Tangu lile jitu la kofia litokee siwezi kufanya lolote, nakimbia tu mpaka nakufa. Viganja vinatoka jasho. Nikizima, vile vishindo vyake nabaki navyo kichwani, na usiku nashtuka nikisikia mtu anapanda ngazi. Labda ni kwa sababu tuliwahi kuvamiwa na majambazi nyumbani, sijui. Mke wangu anasema niache upuuzi. Rafiki zangu wanasema nishushe ugumu, ila mimi naona huko ni kudanganya. Mwanangu wa miaka 11 hupenda kukaa pembeni akitazama. Je, uzee umenikuta, au gemu hii imezidi ugumu? Niendelee au niuze diski?"*

Ndugu yangu, ahsante kwa kuandika bila kujificha. Nianze na lililo rahisi: uzee haujakukuta. Gemu hii haitaki vidole vya kijana wa miaka 15. Kinachokukwamisha ni kwamba umeingia kituo kipya ukiwa na mazoea ya kituo cha zamani, na mwili wako unafanya kazi yake vizuri mno, kwa wakati usiofaa. Kisha lipo jambo la majambazi, uliloligusa kwa sentensi moja na kulifunga kwa neno "sijui". Hilo nitalifikia, na sitalipita haraka.

Ile ya mwaka 1998 ilikuwa na kamera zilizofungwa mahali pamoja. Kila chumba kilikuwa picha iliyokwisha kuchorwa, Leon akitembea juu yake. Ukifungua mlango, skrini inaingia giza, mlango unafunguka polepole katikati ya giza hilo, halafu unatokea upande wa pili. Kazi ya mlango ule ilikuwa kuficha muda ambao mashine inasoma diski. Lakini kila aliyecheza zama zile alijifunza kitu kutoka kwake bila kufundishwa: mlango ukishafunga, umesalimika. Zombi wa chumba kile wamebaki chumba kile.

Capcom, kampuni iliyotengeneza gemu hii, walikivunja kitu hicho hicho. Katika toleo jipya kamera iko begani kwa Leon, huoni kilichopo nyuma ya kona mpaka ufike kwenye kona, na hakuna giza la kukutenganisha na ulikotoka. Zombi anagonga mlango, anausukuma, anaingia. Wewe bado unakimbilia milango kama mtu anayekimbilia nyumbani, unapita, unageuka kutazama ramani, na aliyekuwa korido anakukamata shingo. Kila ukipita mlango, hesabu kwamba aliyekuwa nyuma yako bado yuko nyuma yako. Kumbukumbu za kibandani zitakupa raha ya kuutambua ukumbi mkubwa na ile sanamu ya mungu mke katikati yake. Njiani hazitakusaidia sana.

Sasa risasi. Watu wengi huniambia gemu hii inanyima risasi ili kumkomoa mchezaji. Sikubaliani. Risasi zilizomo zinatosha kupita, hazitoshi kuua kila kinachosimama mbele yako, na mtengenezaji hakukusudia uue kila kinachosimama. Ukiingia kila chumba kwa nia ya kukisafisha, utaishiwa hata ukiwa na shabaha nzuri kuliko askari wote wa Raccoon City, mji wa gemu hii.

Lakini nadhani shabaha yako nayo ina tatizo, na nadhani nalijua. Mara nyingine ukiinua bastola, itazame ile alama ya kulengea. Leon akiwa anatembea, mistari yake inatanuka. Akisimama, inaanza kujikusanya taratibu mpaka inabana katikati. Risasi inayotoka mistari ikiwa imebana inakwenda unapolenga na inaumiza zaidi. Inayotoka mapema inatawanyika. Kubana huko kunataka muda mfupi tu wa kusimama kimya, na muda huo ndio ambao zombi aliyenyoosha mikono anautumia kukusogelea.

Uweke mwili wako hapo. Ubongo ukihisi hatari, kisehemu chake kiitwacho amigdala kinapiga kengele kabla wewe hujafikiri. Adrenalini inaingia kwenye damu, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, macho yanakaza kwenye kitu kimoja na kusahau pembeni. Misuli mikubwa inapata nguvu ya kukimbia au kupigana, ila vidole vinavyotaka utulivu vinapoteza usahihi. Kwa mtu aliyekutana na chui hiyo ni neema. Kwa mtu aliyeshika pedi maana yake ni kufyatua kabla mistari haijabana, kisha kurudi nyuma huku unafyatua, na kule kurudi nyuma kunaitanua tena. Unamaliza risasi zote kwa zombi mmoja anayeyumbisha kichwa. Hofu yako inalipiwa kwa risasi. Mimi naona huo ni ubunifu wa hali ya juu kuliko damu yote iliyomwagwa kwenye kuta za kile kituo.

Kwa hiyo jizoeze hivi: ukiinua bastola, toa pumzi polepole mpaka mistari ibane, ndipo ufyatue. Kutoa pumzi ndefu kunautuliza moyo, hilo lina ukweli wa kimwili. Na usilenge kichwa kila mara. Kichwa cha zombi wa gemu hii kinaweza kula risasi nyingi na mwenyewe akainuka tena. Mpige mguuni, chini ya goti. Mguu ukivunjika ataanguka na kuanza kutambaa, na anayetambaa unamzunguka bila gharama. Kama korido ni pana, mpite bila kumgusa kabisa. Kisu kiweke mkononi hata kama hukipendi: ukikamatwa, kinakuokoa na kung'atwa, ingawa kitabaki mwilini mwa zombi mpaka umwangushe ukakichukue, na kikitumika sana kinavunjika. Baruti usiziache sakafuni. Mbili za kawaida ukizichanganya zinakupa risasi za bastola.

Mbao nazo usizidharau. Zombi huingia kupitia madirisha ya kituo, na dirisha lililozibwa ni zombi ambaye hutakutana naye. Usitegemee kuziba kila dirisha. Chagua korido ambazo unajua utazipita mara nyingi, hasa zile za magharibi ghorofa ya chini, zinazotoka ukumbini kuelekea chumba cha kusafishia picha. Ramani itakusaidia kuamua: chumba chenye rangi nyekundu bado kina kitu, chenye bluu kimekwisha. Kama ni bluu na si njia yako, huna shughuli nacho tena, hata kama ndani yake kuna zombi wanne.

Tuje kwa jitu lako. Jina lake kwenye hadithi ni Tyrant, wachezaji wanamwita Mr. X. Anatokea ukishaizima moto ile helikopta iliyoanguka ghorofani, na anaibeba helikopta yenyewe kwa mkono kama mtu anayesogeza kiti. Umeandika kana kwamba anajua ulipo wakati wote. Hajui. Anazunguka kituo akitafuta, na anafuata anachokiona na anachokisikia. Mlio wa bunduki unamwita. Ndiyo maana risasi zako zinakuponza mara mbili: zinaisha, na zinamleta.

Huwezi kumuua hapo kituoni. Ukimpiga vya kutosha atapiga goti kwa muda, kisha atasimama, na utakuwa umechoma risasi ulizozihitaji kwingine. Yeye hakimbii, anatembea kwa hatua ndefu, na Leon akikimbia anamwacha. Hatari yake ni kukukuta pembeni au kukubana kwenye korido nyembamba. Akikubana, mpeleke chumba kipana chenye kitu cha kuzunguka, meza au kaunta, mwache arushe ngumi, pita upande wa pili wakati mkono wake bado uko hewani. Vile vyumba vidogo vyenye taipureta ya kuhifadhia mchezo haingii. Angalia lakini: ukumbi mkubwa nao una taipureta, na ule anaingia bila hodi.

Vishindo vyake ndivyo vinavyokutesa, nami nakwambia hivyo hivyo ndivyo zana bora uliyonayo. Sauti za gemu hii zimepangwa kwa umbali na upande. Ukisimama ukasikiliza, utajua kama yuko ghorofa ya juu yako au korido ya jirani, anakuja au anaondoka. Mlango ukifunguliwa mbali, unausikia. Mchezaji aliyetulia anasikia vishindo na kusema "yuko maktaba, nina muda wa kupita". Aliyepaniki anasikia vishindo vile vile na kukimbia bila kujua anakokwenda, na mara nyingi anakimbilia kule kule vinakotoka.

Kuna mahali pamoja ambapo haya yote yanakutana, na ninashuku ndipo unapofia. Korido ya magharibi ina Licker, yule kiumbe asiye na ngozi, mwenye ulimi mrefu, anayetambaa ukutani. Haoni kabisa, anawinda kwa kusikia. Ukitembea polepole bila kukimbia unaweza kumpita karibu kabisa na asikuguse. Sasa Mr. X anakuja nyuma. Mwili unakwambia kimbia. Ukikimbia, Licker anakurukia. Ukitembea, vishindo vinazidi kukaribia mgongoni. Wengi hukimbia, hupigwa ulimi, hufyatua, na mlio unamleta jamaa aliyekuwa hata hajawaona. Pale unatakiwa kurudi nyuma kabla hujaingia korido hiyo, umpoteze Mr. X kwanza huko ukumbini, kisha ndiyo uje mwendo wa kinyonga. Ukilifanya hilo mara moja tu likafaulu, utaona hofu imepungua, maana umeshajua kwamba lile jitu lina sheria zake.

Kuhusu kushusha ugumu, tusitumie neno kudanganya. Kiwango cha Assisted, kilicho rahisi kuliko Standard, kiliwekwa na watengenezaji wenyewe. Kinakusaidia kulenga, maadui wanalegea kidogo, na afya inajirudishia kiasi. Hadithi ni ile ile, vyumba ni vile vile, Mr. X yupo. Tena hata hiyo Standard unayoilinda heshima yake ina mfumo uliofichika unaopandisha na kushusha ugumu kulingana na unavyocheza, kwa hiyo hukuwahi kuwa kwenye mizani isiyotikisika. Ushauri wangu ni ubaki Standard ujaribu hayo niliyoeleza, na ikiwa bado unakufa mahali pamoja jioni baada ya jioni, shusha bila aibu. Hardcore, kiwango kigumu zaidi, usiiguse sasa. Kule mchezo haujihifadhi wenyewe, unahitaji utepe wa wino kwa taipureta, na umeme ukikatika katikati unapoteza kila kitu tangu ulipohifadhi mara ya mwisho. Kwa nyumba zetu hilo si jambo dogo.

Sasa ile sentensi.

Hofu ya gemu ina mwisho. Ukizima mashine, adrenalini inashuka, unaweza kubaki na mshtuko kwa saa moja au mbili, pengine ndoto moja mbaya, basi. Watu wengi wanaipenda hofu hiyo kwa sababu wanajua kitufe cha kuzimia kiko wapi. Wewe unaeleza kitu kingine. Unashtuka usiku kwa sauti ya mtu anayepanda ngazi, ndani ya nyumba ambayo watu waliwahi kuingia kwa ubaya. Ubongo uliowahi kuvamiwa hutunza sauti. Hatua nzito, mlango kusukumwa, mtu asiyesema neno anayekuja moja kwa moja kwako: usiku ule ubongo uliviandika kama alama za hatari, na hauulizi kwanza kama vinatoka kwenye spika au kwenye ngazi. Gemu hii, kwa bahati mbaya kwako, imejengwa juu ya alama hizo hizo.

Hilo halina maana kwamba gemu ndiyo imekuumiza. Inawezekana jeraha lilikuwepo, na vishindo vya Mr. X vimeligusa. Wala halina maana kwamba wewe ni mwoga. Ila usijaribu kujitibu kwa kujilazimisha kucheza mpaka uzoee. Ni kweli kwamba katika tiba, mtu huweza kurudishwa taratibu kwenye kile anachokiogopa, lakini hufanyika kwa mpango, hatua kwa hatua, pamoja na mtu aliyefunzwa, anayejua wakati wa kusimama. Gemu haijui wakati wa kusimama. Kazi yake ni kukutisha.

Fanya hivi. Pumzisha gemu kwa wiki mbili. Usiiuze, iweke kabatini tu. Katika wiki hizo jiangalie. Je, bado unashtuka kwa sauti ndogo? Unaamka kukagua milango mara kwa mara? Picha za usiku ule zinakujia bila kuziita? Unakwepa chumba fulani, au kuzungumzia tukio hilo? Umekuwa mkali kwa watoto kuliko zamani? Ikiwa yametulia, tutajua gemu ilikuwa inachochea tu, na unaweza kurudi kwa masharti nitakayoyataja. Ikiwa yanaendelea, au ukikumbuka vizuri ukaona yalikuwepo tangu mlipovamiwa, hayo hayasubiri gemu wala jibu langu. Nenda kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, au kwa mwanasaikolojia aliyesajiliwa, ueleze uvamizi wenyewe kabla ya kutaja gemu. Dalili za namna hii zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga usingizi au kazi, zina jina la kitabibu na zina tiba ya mazungumzo inayosaidia watu wengi. Na ukipata maumivu ya kifua, kuzimia au kutetemeka mwili usioweza kuuzuia, iwe unacheza au hapana, hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyewahi kupata kifafa pia asicheze bila kumuuliza daktari, kwa sababu ya mianga inayomulika ghafla gizani.

Mkeo mwambie hivi kwa heshima: gemu si upuuzi mtupu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliripoti kwamba watu waliocheza Tetris muda mfupi baada ya kutazama filamu yenye matukio ya kuumiza walirudiwa na picha zake kichwani mara chache kuliko ambao hawakucheza. Michezo hii inagusa mahali penye uzito ndani yetu. Lakini naye msikilize. Alikuwepo usiku ule, na pengine anakuona ukishtuka kuliko unavyojiona mwenyewe. Muulize yeye analalaje.

Kuhusu mwanao sina mzunguko: asitazame. Ulaya gemu hii imewekewa alama ya miaka 18, Marekani 17, na alama hizo hazikuwekwa kwa sababu ya zombi peke yao. Ukitoka tu kituoni utapita duka la bunduki, na mle kuna baba na binti yake mdogo. Sitakuharibia, ila nakwambia wewe kama mzazi utaweka pedi chini kidogo. Ukija kucheza upande wa Claire, mhusika mwingine wa kuchezwa, kuna sehemu unamwongoza mtoto wa kike anayejificha na kuwindwa na mtu mzima ndani ya kituo cha yatima, na mtu huyo si zombi. Mimi naona sehemu hiyo ni nzito kuliko zote, na mtoto wa miaka 11 hana pa kuiweka. Kumbuka pia kwamba naye alikuwemo nyumbani, au anakijua kilichotokea. Anapokaa karibu nawe huenda anaangalia uso wako zaidi ya skrini. Muulize kama analala vizuri, na kama huota. Akikwambia anaogopa ngazi, mwende wote wawili kwa mtaalamu. Mtafutieni gemu nyingine ya kucheza pamoja, maana kukaa kwake pembeni yako ni kitu cha thamani na sipendi kipotee.

Wiki mbili zikiisha na usingizi ukawa umerudi, washa tena, lakini mchana, mapazia wazi, sauti itoke kwenye spika za televisheni badala ya kuivaa masikioni. Punguza sauti kidogo, bila kuizima, kwa sababu bila vishindo utakuwa kipofu. Cheza nusu saa, umalizie kila mara kwenye chumba chenye taipureta, usiache katikati ya kufukuzwa. Angalau saa mbili kabla ya kulala iwe imezimwa. Lengo la siku ya kwanza liwe dogo: ingia kituoni, simama ukumbini, sikiliza mpaka uweze kusema yuko upande gani. Ukiweza hilo bila viganja kulowa, siku inayofuata nenda ile korido ya magharibi. Ukishindwa hata hilo, rudisha diski kabatini, na ile ahadi ya hospitali iwe ya wiki hiyo.